Mfalme Alijenga, Nani Aliwasha Taa? Usanifu na Ibada katika Hekalu Kuu la Thanjavur

Utangulizi

Katika siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa utawala wake, mnamo mwaka 1010, mfalme Rajaraja wa Kwanza wa nasaba ya Chola alikabidhi chungu cha shaba kilichofunikwa kwa dhahabu ili kiwekwe kwenye kilele cha hekalu alilolijenga katika mji wake mkuu wa Thanjavur, kusini mwa India. Tunaijua siku hiyo kwa sababu mfalme aliamuru ichongwe kwenye ukuta wa hekalu lenyewe. Hekalu hilo aliliita Rajarajeswaram, yaani mahali pa Bwana wa Rajaraja. Jina la mungu na jina la mfalme yaliunganishwa yakawa neno moja.

Leo hekalu hili linajulikana zaidi kwa jina la Kisanskriti la Brihadisvara, na wenyeji wanaozungumza Kitamil huliita kwa urahisi Hekalu Kubwa. Vitabu vingi huliangalia kama kazi ya mfalme mmoja mwenye uwezo mkubwa. Makala haya yanakubali kwamba bila mfalme hekalu lisingejengwa. Hata hivyo, yanadai kwamba usanifu wake peke yake hautoshi kueleza kwa nini lingali hai baada ya miaka zaidi ya 1000, ilhali kasri la mfalme huyo limetoweka. Jibu liko katika ibada, na hasa katika watu wengi wa kawaida walioifanya ibada hiyo iwezekane kila siku.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kumtahadharisha msomaji wa ukanda wetu. Mahekalu mengi ya Wahindu tunayoyaona Kampala, Mombasa au Dar es Salaam yalijengwa na watu wenye asili ya Gujarati, magharibi mwa India. Hekalu la Thanjavur ni la mapokeo ya Kitamil ya kusini, nalo lina umbo, lugha na taratibu zake.

Mfalme na mji wake

Rajaraja alitawala kuanzia mwaka 985 hadi 1014. Makao yake yalikuwa katika bonde la mto Kaveri, eneo lenye rutuba ambapo mpunga hustawi kwa maji ya mifereji. Kutoka hapo majeshi yake yaliwashinda Wapandya wa Madurai na Wachera wa Kerala, yakapigana na Wachalukya upande wa kaskazini-magharibi, na yakavuka bahari hadi kaskazini mwa Sri Lanka. Ufalme uliokuwa mmojawapo kati ya falme kadhaa za kusini ukawa dola yenye nguvu kuliko zote.

Mfalme aliyepanua nchi kwa haraka namna hiyo alikabiliwa na tatizo ambalo wanafunzi wa historia ya Afrika wanalifahamu pia: atawaunganishaje watu wa maeneo mengi, wenye viongozi wao, mabaraza yao na mahekalu yao, chini ya kitovu kimoja? Upanga huteka nchi, lakini hauwezi kukaa katika kila kijiji. Rajaraja alimwabudu Shiva, na jibu lake mojawapo lilikuwa kumjengea Shiva nyumba ambayo kila sehemu ya nchi ingekuwa na wajibu wa kuihudumia.

Haimaanishi kwamba aliwakataza watu dini nyingine. Mabamba ya shaba yanayojulikana kama Mabamba ya Leiden yanaonyesha kwamba alitoa kijiji cha Anaimangalam kwa ajili ya nyumba ya watawa wa Kibuddha katika bandari ya Nagapattinam, nyumba iliyohusishwa na mtawala wa Srivijaya katika Asia ya Kusini-Mashariki. Mfalme alijua kwamba dini na biashara ya baharini hukaa jirani.

Usanifu: mlima wa mawe

Hekalu limezungushiwa ukuta wenye umbo la mstatili, urefu wake ukiwa takriban mita 240 na upana takriban mita 120. Ni sawa na viwanja viwili vya mraba vilivyounganishwa. Mgeni huingia kupitia malango mawili yenye minara. La kwanza linaitwa lango la Keralantaka, jina linalokumbusha ushindi wa mfalme dhidi ya Kerala, na la pili linaitwa lango la Rajaraja. Hivyo basi, kabla ya kumfikia mungu, mtu hupita kwanza chini ya sifa za mfalme.

Katikati ya uwanja yako majengo yaliyopangwa kwenye mstari mmoja kutoka mashariki kwenda magharibi: banda la Nandi, ambaye ni fahali wa Shiva, kisha kumbi zenye nguzo, na mwisho kabisa patakatifu pa ndani. Nandi tunayemwona leo amechongwa katika jiwe moja kubwa, lakini ni wa zama za Wanayaka, karne kadhaa baada ya Rajaraja.

Juu ya patakatifu unasimama mnara unaoitwa vimana. Kimo chake ni takriban mita 60, nao una ngazi 13 zinazopungua upana kadiri zinavyopanda, hadi kwenye kuba la mawe. Umejengwa kwa mawe ya graniti, ingawa karibu na Thanjavur hakuna machimbo ya mawe hayo. Yalisafirishwa kutoka mbali, yakachongwa, yakapangwa moja juu ya jingine bila kutegemea saruji. Ndani yake mnara una uwazi: mawe yanaingia ndani kidogo kidogo kila safu mpaka yanapokutana juu. Patakatifu pana kuta mbili, na kati yake kuna njia ya kuzunguka. Kuta hizo mbili ndizo zinazobeba uzito wa mnara.

Simulizi nyingi zimezaliwa kutokana na mnara huu. Husemwa kwamba kivuli chake hakianguki chini, na kwamba kuba lake ni jiwe moja lililovutwa juu ya mteremko wa udongo wenye urefu wa kilomita kadhaa. Kivuli huanguka kama cha jengo lolote, na watafiti wengine wameonyesha kwamba kuba limeundwa kwa mawe zaidi ya moja. Simulizi hizo zina thamani yake, kwani zinaonyesha jinsi watu walivyostaajabu. Lakini zina kasoro pia: zinamwacha msomaji akishangaa muujiza badala ya kuuliza habari za wachonga mawe, wavuta kamba na wachimba udongo. Maandishi ya ukutani yanamtaja fundi mkuu, Kunjaramallan Rajaraja Perunthachan. Hata jina la fundi limebeba jina la mfalme.

Jambo moja la usanifu linastahili kusisitizwa. Katika mahekalu mengi ya Kitamil yaliyojengwa au kupanuliwa baadaye, kama lile la Meenakshi huko Madurai, malango ya nje ndiyo yenye minara mirefu, na patakatifu ni padogo, pamefichwa ndani. Thanjavur ni kinyume chake. Urefu wote umewekwa juu ya mungu, na malango yako chini zaidi. Kwa msafiri aliyetoka mashambani, mnara ulimwonyesha kutoka mbali kitovu cha nchi kilipo.

Picha za kutani nazo zina ujumbe. Kuta za nje za patakatifu zina safu mbili za vishubaka vyenye sanamu za Shiva katika maumbo yake mbalimbali. Katika safu ya juu, umbo moja linarudiwa tena na tena: Tripurantaka, yaani Shiva mpiga mshale aliyeangamiza miji mitatu ya maadui. Wataalamu wengi wameona hapo kioo cha mfalme mwenyewe, mshindi wa vita. Ndani, katika ile njia ya kuzunguka, kuna michoro ya rangi ya zama za Chola. Ilifichwa na michoro ya zama za Wanayaka iliyochorwa juu yake, hadi mwaka 1931 mtafiti S. K. Govindaswami alipoigundua. Katika ghorofa ya juu ya njia hiyo vimechongwa vituo vya ngoma vinavyotajwa katika elimu ya kale ya uchezaji. Vilitakiwa kuwa 108, lakini vimekamilika 81 tu, na nafasi zilizobaki ni mawe matupu. Kazi ilikatika, na hakuna aliyeimalizia.

Ukuta kama daftari

Kama tungekomea kwenye usanifu, tungebaki na mfalme peke yake. Bahati nzuri, hekalu hili lina maandishi mengi sana ya Kitamil yaliyochongwa kwenye kuta na kwenye msingi wake. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu Eugen Hultzsch alianza kuyachapisha, na ndipo historia ya hekalu ilipotoka kwenye simulizi na kuingia kwenye ushahidi.

Andiko kuu linaeleza amri ya mfalme: vitu alivyotoa yeye, alivyotoa dada yake mkubwa Kundavai, walivyotoa wake zake na walivyotoa watu wengine, vyote vichongwe kwenye jiwe. Yafuatayo ni orodha ndefu: sanamu za shaba nyeusi, vyombo vya dhahabu na fedha, mapambo ya vito, vyote vikiwa na vipimo vya uzito. Maandishi hayafichi kwamba sehemu ya dhahabu hiyo ilitokana na hazina zilizotekwa vitani, kwa Wachera, Wapandya na Wachalukya. Kilichokuwa ngawira kikageuzwa kuwa sadaka.

Hata hivyo, sehemu inayovutia zaidi haihusu dhahabu. Inahusu watu. Maandishi yanataja wanawake 400 wa hekalu waliohamishwa kutoka mahekalu mbalimbali ya nchi ya Chola na kupewa makazi katika mitaa ya karibu. Kila mmoja ametajwa kwa jina, nyumba yake na hekalu alikotoka, na kila mmoja alipewa fungu la mpunga la kalamu 100 kwa mwaka, kalamu ikiwa kipimo cha nafaka cha wakati huo. Ikiwa mmoja angekufa au kuondoka, ndugu yake wa karibu mwenye ujuzi angechukua nafasi. Wametajwa pia walimu wa ngoma, wapiga zumari na ngoma, wabeba miavuli, wawasha taa, wanyunyiza maji, wafinyanzi, madobi, vinyozi, washona nguo, maseremala, wahunzi wa dhahabu na wahasibu. Waimbaji 48 wa tenzi takatifu za Kitamil, pamoja na wapiga ngoma wawili, walipewa posho ya mpunga ya kila siku.

Ni lazima tuwe waangalifu tunapowasoma wale wanawake 400. Ni rahisi kuwatazama kwa macho ya karne ya 19, wakati wanawake wa mahekalu walipodharauliwa na kuhesabiwa kuwa aibu ya jamii. Maandishi ya Rajaraja yanawaonyesha kama watumishi wenye nyumba, kipato na nafasi inayorithiwa. Wakati huohuo, yanawaonyesha kama watu waliohamishwa kwa amri. Heshima na kulazimishwa vilikaa katika nyumba moja.

Ibada ilivyolishwa

Ibada katika hekalu la Shiva hurudia mzunguko wa siku. Patakatifu pa ndani pana lingamu kubwa la jiwe, alama ya Shiva isiyo na sura ya binadamu. Makuhani huliosha kwa maji, maziwa, mtindi, asali na liwa ya msandali, hulivisha na kulipamba kwa maua, hulitolea chakula, kisha huzungusha taa mbele yake huku kengele zikilia. Waumini huja kumwona mungu na kuonwa naye, hupokea majivu matakatifu, na hulizunguka hekalu wakiliweka upande wa kulia. Sanamu za shaba nyeusi hutolewa nje kwa maandamano siku za sikukuu, ili mungu awatembelee watu wake mitaani.

Kila tendo katika orodha hiyo linahitaji kitu, na kila kitu kilitoka kwa mtu. Tuchukue mfano wa taa. Taa ya daima huhitaji samli kila siku. Ili kuipata, hekalu liliwakabidhi wafugaji mifugo: kondoo majike 96, au ng'ombe 48, au nyati wa maziwa 16 kwa kila taa. Mfugaji alitakiwa kuleta kipimo maalumu cha samli kila siku bila kukosa. Maandishi ya zama hizo huwaita mifugo hao wasiokufa wala kuzeeka. Kondoo bila shaka walikufa. Kilichokuwa hakifi ni deni. Mfugaji alipaswa kuhakikisha kwamba idadi inabaki vilevile, na baada yake watoto wake wafanye hivyo.

Mfano wa pili ni fedha. Hekalu lilikopesha fedha zilizotolewa sadaka kwa mabaraza ya vijiji, kwa riba ya asilimia 12.5 kwa mwaka. Riba ililipwa kwa fedha au kwa mpunga, na ilitumika kununua mahitaji maalumu, kama vile kafuri, au iliki na mizizi yenye harufu nzuri ya kutia katika maji ya kumwogeshea mungu. Kwa namna hiyo hekalu lilikuwa kama benki. Kijiji kilipata mtaji, pengine wa kutengeneza mifereji au kufungua mashamba, na kikajifunga kwa hekalu la mfalme kizazi hata kizazi.

Mfano wa tatu ni ardhi. Vijiji vingi vilipangiwa kupeleka sehemu ya mavuno yao Thanjavur, vikiwemo vijiji vya Sri Lanka iliyotekwa. Katika orodha za ardhi hizo, waandishi walitaja maeneo yasiyotozwa kodi: viwanja vya nyumba, mabwawa, mifereji, mahali pa kuchomea maiti, mtaa wa mafundi na mtaa wa Waparaya, watu waliohesabiwa kuwa duni kabisa. Mtaa huo ulitengwa na mingine. Andiko linautaja kwa ajili ya hesabu ya kodi tu, lakini msomaji wa leo hawezi kuupita haraka. Mikono ya watu hao ilikuwa sehemu ya kazi ya mashamba yaliyolilisha hekalu.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapouma. Kwa karne nyingi, hadi karne ya 20, watu walioitwa wasioguswa walizuiwa kuingia katika mahekalu makubwa ya kusini mwa India. Katika jimbo la Madras, sheria iliyowakinga waliofungua milango ya mahekalu kwa watu wote ilipitishwa mwaka 1939, ikafuatwa na sheria pana zaidi mwaka 1947. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilifuta kabisa desturi ya kuwatenga watu kuwa wasioguswa. Mpunga uliruhusiwa kuingia muda mrefu kabla ya waliousimamia shambani.

Baada ya mfalme

Mwana wa Rajaraja, Rajendra wa Kwanza, alihamishia mji mkuu Gangaikonda Cholapuram na kujenga huko hekalu lake la kifalme. Nasaba ya Chola ilikwisha mwaka 1279. Makasri yake, yaliyojengwa kwa matofali, yamebaki misingi inayofukuliwa na wanaakiolojia. Mahekalu yamesimama.

Je, ni kwa sababu graniti ni ngumu kuliko matofali? Hiyo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni kwamba kila mtawala aliyefuata alikuta mahali ambapo watu tayari walikuwa na kazi, haki na wajibu, akaona afadhali aingie katika utaratibu huo kuliko kuuvunja. Wapandya waliongeza hekalu dogo la mungu wa kike katika karne ya 13. Wanayaka waliongeza hekalu la Subrahmanya lenye michongo ya kupendeza. Wamaratha walioitawala Thanjavur tangu miaka ya 1670 walifanya vivyo hivyo, na mwaka 1803 Serfoji wa Pili aliagiza historia ya ukoo wake ichongwe kwa Kimaratha kwenye ukuta wa hekalu. Mfalme mgeni aliandika jina lake pale alipoandika Rajaraja.

Ngoma nayo ilipitia njia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 19, ndugu wanne wa Thanjavur, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, walipanga mafunzo yaliyozaa ngoma inayoitwa leo Bharatanatyam. Mwaka 1947 sheria ya Madras ilipiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu kwa mahekalu. Sheria hiyo iliwalinda wengi. Pia iliwaondolea wanawake wa jamii hizo nafasi yao katika sanaa, na jukwaa likachukuliwa na wanawake wa tabaka za juu. Mwaka 2010, hekalu lilipotimiza miaka 1000, wachezaji 1000 walicheza Bharatanatyam uwanjani mwake.

Hekalu liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987, na mwaka 2004 orodha ikapanuliwa kujumuisha mahekalu mengine mawili makubwa ya Chola. Jina lililotumika linayaita mahekalu yaliyo hai, na ndivyo yalivyo. Kila mwaka, mwezi mpevu wa mwezi wa Kitamil wa Aippasi, lingamu hufunikwa kwa wali uliopikwa, kisha wali huo hugawiwa kwa waumini. Katika mwezi huohuo huadhimishwa nyota ya kuzaliwa ya Rajaraja. Na mabishano hayajaisha. Kabla ya sherehe ya kuliweka wakfu upya mwezi Februari 2020, kulizuka kesi kuhusu lugha ya ibada, na Mahakama Kuu ya Madras ikaelekeza kwamba Kitamil na Kisanskriti vyote vitumike. Waliodai Kitamil walikuwa na shahidi wa mawe: wale waimbaji 48 waliolipwa mpunga waimbe kwa lugha ya watu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba hekalu la kifalme la Thanjavur lina historia mbili katika jengo moja. Ya kwanza inasomeka kwa kutazama juu: mnara, ushindi, dhahabu ya kileleni. Ya pili inasomeka kwa kuinama kwenye msingi, ambako yamechongwa majina ya wachezaji, hesabu za kondoo na mipaka ya mitaa. Rajaraja alikusudia ukuta huo utunze ukarimu wake. Bila kukusudia, ukatunza pia deni lake kwa wafugaji, waimbaji na wakulima, na ukatunza jina la mtaa wa watu ambao wazao wao walingoja hadi karne ya 20 kuvuka lango.

Kwa mwanafunzi wa historia, hapo pana funzo la kimbinu. Majengo makubwa hutufundisha kuuliza nani aliyajenga. Ni swali zuri, lakini halitoshi. Inafaa tuulize pia ni nani aliyeleta samli ya taa kesho yake, na siku iliyofuata, kwa miaka yote hiyo.